Mhuri Si Kiwango

Mwanangu Bakari,

Umekwenda Chilangala kumuaga mama yako mdogo, baba yako yuko shambani anapalilia chini ya mikorosho, na begi lako limeshafungwa, limeegemea mlango kama mgeni mwenye haraka. Nyumba imenyamaza. Nimepata nafasi ya kukukasirikia bila kukatizwa.

Usiogope, hasira yenyewe si yako yote. Wewe umeikuta tu njiani. Lakini kesho asubuhi unapanda basi kwenda kuanza kazi, na kuna neno ulilitamka juzi ambalo sitaki uondoke nalo mdomoni.

Tulikuwa tunakula. Baba yako alikuuliza huko kiwandani hasa utafanya nini, na wewe ukamweleza vizuri, nikakuonea fahari: kwamba utakuwa unachora mashine za kubangulia korosho, na kuandika vipimo vyake ili mashine hizo zigawiwe kwa vikundi vya wanawake mikoa yote ya kusini. Baba yako akauliza, hivyo vipimo vyenu vitajulikanaje kuwa ndivyo kiwango? Ukacheka. Ukasema, "Baba, kiwango ni karatasi yenye mhuri. Ikishagongwa, imekwisha hiyo."

Baba yako akacheka pia. Mimi sikucheka, nikaendelea kumega ugali. Unajua mwenyewe mimi nisipocheka kuna jambo.

Mambo ya kula vizuri, kufua shuka na kupiga simu siku ya Ijumaa nimeshayasema na utayasahau, siyarudii. Nataka nikusimulie yaliyonipata wakati wewe uko bweni. Ulipopiga simu nilikuambia tu "baiskeli imeharibika kidogo." Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa na mitihani. Sasa huna mitihani.

Baiskeli yangu ya kwanza unaikumbuka, ile ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Alinitengenezea Fundi Lazaro wa Masasi kabla hujazaliwa, kwa mabomba ya chuma na magurudumu ya baiskeli za kawaida, zile kubwa za kubebea maji. Mpaka nilipoipata nilikuwa mtu wa kubebwa. Polio ilinichukua miguu nikiwa sijajua hata kukimbia, kwa hiyo siikumbuki miguu, ila nakumbuka migongo: mgongo wa mama, mgongo wa kaka, mgongo wa mwalimu mmoja mwema wa shule ya msingi. Ukikua kwenye migongo ya watu unajifunza kutotamani kwenda mahali, maana kila ukitamani, kuna mtu anachoka.

Ile baiskeli ilikuwa nzito na inapiga kelele. Lakini ilinipeleka sokoni nikafungua kibanda changu cha cherehani, ilinipeleka kwenye harusi ambazo sikualikwa, na ndani yake wewe ulilala mapajani mwangu ukiwa mchanga. Na sikiliza hili, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: haikuwahi kunilaza njiani. Nikipata pancha Kitangari, kulikuwa na mtu Kitangari. Tairi liliwahi kunipasukia nje kabisa ya mji, na fundi ambaye hajaniona maishani mwake alichomoa la baiskeli yake mwenyewe, akalivisha, likaingia. Gololi za magurudumu ziliuzwa dukani pamoja na sabuni na viberiti. Hakuna aliyeniuliza baiskeli yangu ni ya kampuni gani. Wakati huo sikuona ajabu yoyote. Niliona ni kama hewa.

Kisha ukaja mradi.

Sitataja jina la kampuni, na wewe usilitafute, si wa kwao peke yao ugonjwa huu. Walikuja Newala na vitimwendo vipya vya buluu, vyepesi, vizuri kwa kweli. Nilipokikalia nilijisikia kama nimevaa nguo iliyoshonwa na mtu anayejua kushona. Walituita chama chetu cha watu wenye ulemavu, wa Newala na wa Masasi, tukajaa ukumbini, na yule bwana wa kampuni akahutubia. Neno lake lilikuwa kiwango. Kiwango cha kisasa, kiwango cha kitaalamu, kiwango kimoja kwa wote. Afisa aliyekaa pembeni yake akaeleza kwamba kuanzia hapo, kifaa chochote cha watu wenye ulemavu kitakachonunuliwa kwa fedha za umma lazima kifuate vipimo vya kampuni ile. Karatasi ilikuwa imeshagongwa mhuri. Tulionyeshwa kwa mbali.

Na kulikuwa na sharti. Ukichukua kipya, unarudisha cha zamani. Vya zamani walivipa jina: vifaa visivyo na kiwango.

Nikairudisha baiskeli yangu, Bakari. Niliitoa kwa mikono hii, na nilicheka kwenye picha. Jioni yake baba yako alipita nyuma ya lile jengo akaona vijana wanaikata vipande na msumeno kwa ajili ya chuma chakavu. Hakuniambia mpaka baadaye sana. Alijua ningelia, na yeye hawezi kilio changu.

Fundi Lazaro naye alifika kwao kwa adabu, kofia mkononi, kuomba walau kazi ya kutengeneza vitakavyoharibika. Aliambiwa hana idhini. Aliomba kuona michoro ya magurudumu ili ajifunze. Aliambiwa michoro haitolewi. Alinipitia kibandani akiwa anarudi Masasi, nikampa maji, nikamwambia avumilie, mambo ya kisasa yana taratibu zake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtu aliyeniondoa kwenye migongo ya watu. Nikikumbuka, masikio yananiwaka.

Mvua za masika ndizo zilizoleta ukweli. Gurudumu la mbele lilianza kusaga, kisha likakwama kabisa katikati ya soko. Beringi ilikuwa imevunjika. Nikaona si neno, beringi ni beringi. Baba yako akaitafuta Newala nzima, hakuna. Akaenda Masasi, hakuna. Mtu akaagizwa Mtwara, akarudi mikono mitupu. Lazaro akaja mwenyewe kuifungua, na hata kufungua ikashindikana, kwa sababu kichwa cha ile bolti kilikuwa na umbo ambalo hakuna spana inayolishika. Nilimwona mtu mzima amepiga magoti uani kwetu, anaijaribu ile bolti huku na huku, na akasema kwa upole, kama anasema na mgonjwa, "Mama Bakari, hii hawakutaka ifunguliwe."

Tukapiga simu kwa kampuni. Dada mmoja mwenye sauti nzuri alinieleza kwamba gurudumu la namna hiyo halitengenezwi tena. Vipimo vilikuwa vimeboreshwa. Lipo jipya, lakini jipya haliingii kwenye fremu ya zamani. Nikamuuliza, hii ya zamani si ndiyo iliyoitwa kiwango juzijuzi tu? Akasema ndiyo, na hii mpya ndiyo kiwango sasa. Nikamuuliza aliulizwa nani. Hakunielewa. Alidhani nataka kuongea na mkubwa wake.

Elewa, mwanangu. Kitu nilichoambiwa ni kiwango kilibadilishwa nikiwa nimekikalia, na hakuna aliyeona haja hata ya kunijulisha.

Masika yale yote nilikaa ndani. Kibanda kilifungwa. Baba yako alinibeba kwenda chooni na kunirudisha, na mgongo wake si wa kijana. Na katikati ya hayo, bibi yako akafariki kule Chilangala.

Ulikuja mazikoni, walikupa ruhusa shuleni. Ulinikuta nimeketi mkekani na wanawake, ukaniinamia, ukasema shikamoo mama, tukalia pamoja. Hukuuliza nimefikaje. Nitakuambia sasa. Nilifungwa kwa khanga mgongoni mwa kijana wa bodaboda, miguu imefungwa pia isiburuzike, kama mtu anavyofunga kiroba cha muhogo. Barabara ilikuwa matope. Watu walisimama kuangalia. Nilikwenda kumzika mama yangu nikiwa mzigo, tena kama nilivyokuwa mzigo mgongoni mwake, na kiti changu chenye kiwango kilikuwa nyumbani, kizuri, cha buluu, kuku amelala juu yake.

Ndiyo maana sikucheka juzi.

Baada ya masika kampuni ikarudi. Safari hii walitaka jambo kubwa zaidi: vipimo vyao, vile vipya, viwe vya mkoa mzima, na ili viwe hivyo walihitaji chama chetu kitie saini kwamba tumeshirikishwa. Nikamwambia baba yako, nipeleke. Akauliza, nikupeleke kwa kitu gani? Nikasema, kwa toroli.

Alinipeleka kwa toroli, lile la kubebea mchanga, akaliosha kwanza na kutandika mkeka. Tulipita sokoni, mbele ya wenzangu wa vibandani. Baba yako hakuinamisha uso hata kidogo. Siku ukioa nitakuambia mengi kuhusu baba yako.

Ukumbini nilimwacha yule bwana amalize. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza fundi wa Masasi akitaka kutengeneza gurudumu hilo atapata wapi mchoro. Akajibu kwamba mchoro ni mali ya kampuni, na kwamba wanaulinda ili ubora usiharibiwe na watu wa mitaani. Nikamuuliza mkibadilisha vipimo, nani anaulizwa. Akasema wataalamu wao. Nikamuuliza, na kampuni ikiondoka? Akatabasamu, akasema kampuni haiendi popote, mama.

Nikamwambia, na haya nayakumbuka neno kwa neno kwa kuwa nilikuwa nimeyasema peke yangu masika mazima:

"Basi hicho si kiwango. Ni bidhaa yenu. Bidhaa si dhambi, uzeni, na atakayependa anunue. Lakini msifunge milango mingine yote, halafu mlango wenu mkauita barabara."

Afisa akasema nawachelewesha. Akasema karatasi ilikwishagongwa mhuri, saini yetu ni ya kukamilisha tu. Hapo nikaelewa kitu ambacho sikuwa nimekielewa. Walikuwa na mhuri tayari. Kilichokosekana ni sisi, na walituhitaji mwishoni, kama unavyohitaji chumvi chakula kikishaiva.

Ungependa nikuambie kwamba ukumbi ulisimama. Haukusimama. Wengi walitia saini. Siwalaumu hata mmoja. Mtu anayetambaa juu ya mchanga wa moto huwezi kumwambia asubiri kanuni wakati kiti kiko mbele yake. Nilirudi nyumbani na toroli langu, nimeshindwa, na vitimwendo vikagawiwa. Havikumaliza mwaka. Namba ya simu ya dada mwenye sauti nzuri ikawa inaita tu, halafu haikuita tena. Ukienda leo kwenye nyumba za wenzetu utaviona: kimoja kinaanikiwa mabibo ya mikorosho, kingine kimefanywa kiota, kingine kimesimamishwa mlangoni na mwenyewe anatambaa kukipita.

Sasa nikueleze tuliyofanya sisi, na usidhani tulikuwa malaika.

Tulikusanyika kwa Lazaro pale Masasi: yeye, mimi, fundi mwanamke mmoja wa Ndanda anayejua sana kazi ya viungo vya bandia, na Mama Anna wa Lupaso, mkulima, anayetumia baiskeli ya mikono kama yangu ya zamani. Nilifika na futi yangu ya ushonaji shingoni na hasira yangu kifuani. Nikapima. Upana huu ili ipite kati ya vibanda, urefu huu, kiti hiki, tairi hili. Lazaro akaandika kila nililosema. Nikasema haya, hiki ndicho kiwango chetu, kipelekwe kwa mafundi wote.

Mama Anna ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Hicho cha Newala. Lupaso mchanga unalimeza hilo tairi."

Nikamwambia anatuchelewesha.

Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Lilikuwa neno la yule afisa, herufi kwa herufi, limetoka kinywani mwangu. Mama Anna hakukasirika. Aligeuza tu baiskeli yake akaanza kuondoka, na ilibidi nimfuate, mimi niliyekuwa nimeazima kiti kibovu kisichokunja kona, mpaka barabarani, kumwomba arudi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kampuni haikukosea kwa kuwa ni watu waovu. Ilikosea kwa kuwa ilipima mwili mmoja na njia moja, ikawaita wengine wote wasumbufu. Mimi niliweza kulifanya kosa hilohilo bila kampuni, bila ofisi, nikiwa na futi tu.

Alirudi. Tulibishana vibaya sana, siku hiyo na nyingine nyingi. Yule fundi wa Ndanda ndiye aliyetutoa kwenye ubishi. Alitushauri tuache kuandika baiskeli nzima. Tuandike tu vile vinavyolazimika kufanana ili mtu asikwame, na vingine tumwachie kila fundi na kila mwili. Tukaanza kuchambua. Unene wa ekseli, lazima ufanane. Beringi, lazima iwe ile inayopatikana dukani popote. Vichwa vya bolti, vifunguke kwa spana ya kawaida ya baiskeli. Nafasi gurudumu linapokaa kwenye fremu, lazima. Lakini upana wa kiti? Wa mwenye kukikalia. Tairi? Mwenye mchanga avae pana, mwenye lami avae jembamba. Rangi? Hata ya buluu.

Wewe uliyesoma utaniambia hilo lina jina lake zuri. Mimi nilitazama cherehani yangu. Sindano yake naweza kununua duka lolote, imetengenezwa na yeyote, itaingia. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu, siwajui, walikubaliana shina la sindano liweje, kisha wakaniachia mimi nishone gauni ninalotaka. Wangeamua na gauni pia, ningewachukia. Wangeficha shina, wangenimiliki.

Tulipomaliza, Lazaro akasema bado. Akasema karatasi inayoeleweka na aliyeiandika peke yake haijaandikwa. Tukaituma kwa fundi mmoja wa Nanyumbu ambaye hakuwa ametuona wala kuongea nasi, bila maelezo yoyote, atengeneze fremu. Fremu ikaja. Gurudumu la Lazaro halikuingia. Tulimlaumu yule fundi mpaka tuliposoma tena maneno yetu wenyewe. Tulikuwa tumeandika "pima toka ukingoni," hatukusema ukingo wa ndani au wa nje. Kosa lilikuwa letu. Tukaandika upya, tukamwomba radhi, akatengeneza nyingine. Gurudumu likaingia. Lazaro alilizungusha kwa kidole, likazunguka bila sauti, na sote tukalitazama mpaka likasimama lenyewe. Mama Anna ndiye aliyesema tule sasa.

Tuliibandika karatasi kwenye karakana yoyote iliyotukubalia. Anayetaka anakili. Anayeona kosa aseme, na haibadilishwi mpaka wanaoitumia wamekutana wakasikilizana. Mpaka leo haina mhuri. Tulipeleka, tukaambiwa tusubiri, bado tunasubiri. Na mimi sisemi mhuri hauna kazi. Mhuri unamlinda mnunuzi na tapeli, na siku ukija nitaupokea kwa mikono miwili. Ninalosema ni kwamba mhuri unakuja kushuhudia jambo ambalo tayari ni kweli. Hauwezi kulifanya kuwa kweli. Ukigongwa juu ya jambo lililofichwa, jambo linabaki limefichwa, ila sasa lina nguvu ya serikali nyuma yake, na hapo ndipo mtu kama mimi anafungwa khanga.

Sasa rudi kwenye mashine zako za korosho.

Nakuomba, ukikaa kwenye meza yako ya kuchorea, kisu cha kubangulia kikiwa mbele yako, mfikirie mwanamke wa Lupaso ambaye kisu hicho kimemvunjikia msimu ukiwa umeanza, korosho zimejaa sakafuni. Je, kuna mtu karibu naye anayeweza kutengeneza kingine bila kukuomba ruhusa wewe? Mchoro anaweza kuuona? Akiuona, ataelewa bila wewe kusimama pembeni? Mwakani mtakapoamua kisu kiwe kirefu kidogo, yeye atakuwa chumbani mnapoamua, au atapewa habari na dada wa simu? Na kampuni yako ikifunga milango, maana kampuni hufunga, mashine yake itafia hapohapo?

Watakuambia maswali hayo yanachelewesha kazi. Watakuambia wewe bado mgeni. Watakuambia ubora utaharibika, na neno ubora litakutia aibu ya kubisha, kwa sababu ni neno zuri. Nakujua, wewe ni mpole kama baba yako, hupendi kugombana na wakubwa. Sikuambii ugombane. Uliza tu, kwa adabu, na ukijibiwa kwa tabasamu uliza tena. Na kama wakitaka kuuza bidhaa yao, chora vizuri, kula mshahara wako, ni halali. Ila usiwape neno kiwango waliweke juu yake. Neno hilo si lao. Hata wewe si lako.

Sina hakika utaweza. Mimi mwenyewe nilikuwa na kila sababu ya kuelewa, na bado nilimwambia Mama Anna anatuchelewesha.

Nimalizie na jambo la mwezi uliopita, ambalo sikumwambia mtu kwa kuwa sikujua kama linanifurahisha au linaniudhi.

Nilikuwa natoka Ndanda hospitali na baiskeli mpya ya mikono aliyonitengenezea Lazaro kwa vipimo vyetu, na kabla ya kufika Masasi gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Pembeni ya barabara kulikuwa na kijibanda cha fundi, mtu mzima kiasi, simjui, hanijui. Nikamsalimu, nikamweleza. Hakuuliza kitu. Alichukua spana ya baiskeli, akafungua, akatoa beringi mpya kwenye kopo, akaivisha, akafunga. Nyuma yake niliona fremu mbili za baiskeli za mikono anazotengeneza, na hazikufanana na yangu, moja pana, moja ndefu, lakini nafasi ya gurudumu ilikuwa ileile. Niliijua kwa macho.

Nikamuuliza, vipimo hivi umevipata wapi?

Alinitazama kama nimemuuliza nani aliyemfundisha kunywa maji.

"Hivi ndivyo vilivyo, mama," akasema. "Kila mtu anatengeneza hivi."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia kuhusu ubishi, kuhusu Mama Anna, kuhusu fremu iliyokataa, kuhusu toroli. Nilifungua mdomo, kisha nikaona hana haja ya kujua, na kwamba siku atakapohitaji kujua jina langu ili gurudumu liingie, itakuwa tumeshindwa. Nikamshukuru. Akarudi kwenye kazi yake. Nikazungusha mikono nikaenda zangu, na hakuna aliyenibeba.

Nasikia baiskeli ya baba yako uani. Nenda, mwanangu, Nnungu, Mungu wa bibi yako, akutangulie. Na ukibisha kwa jambo la haki wakakufukuza kazi, rudi, kuna chakula.

Mimi mama yako,
Mama Bakari
Newala